Mbao zilizoshinda karne: Safari ya kuona majengo ya kale ya Uchina

MSOMAJI, ukitajiwa Mchina na ujenzi, mawazo yako hukimbilia wapi? Bila shaka kwenye ile barabara iliyoinuliwa juu ya nguzo kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka wa 2022. Au kwenye reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Saruji, chuma na mitambo ya kunguruma. Huyo ndiye Mchina tunayemjua.

Lakini Mchina hakuanza na saruji. Kwa karne nyingi alijenga kwa mbao, udongo na vigae, na baadhi ya majengo hayo yangali yamesimama hadi hivi leo. Lipo moja ambalo lina zaidi ya miaka 1,200, na nguzo zake ni za miti mitupu!

Kila mwaka vijana wetu huenda Uchina kusoma, na wafanyabiashara wetu hupanda ndege kwenda Guangzhou kutafuta bidhaa. Wengi wao hurudi nyumbani wakiwa wameona mabweni, mabohari na maduka basi. Wahenga walituambia tembea ujionee. Hawakusema tembea ununue.

Makala haya ni yako wewe uliye na safari hiyo, au uliye na mwana anayesoma huko. Na hata kama huna matarajio ya kwenda leo wala kesho, keti tusimuliane, kwani kisa chenyewe ni cha kila mtu aliyewahi kuona nyumba ya kale ikibomolewa asiseme neno.

Waliokataa kuambiwa

Tuanze na mume na mke. Mume aliitwa Liang Sicheng na mke Lin Huiyin. Wote wawili walisoma katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1920. Liang alisomea usanifu wa majengo. Lin naye alitaka somo hilo hilo, lakini akanyimwa nafasi kwa sababu idara hiyo haikuwa ikipokea wanawake. Akajiandikisha katika sanaa, kisha akahudhuria masomo ya usanifu vivyo hivyo. Chuo hicho kilikuja kumtunuku shahada ya usanifu mwaka wa 2024, miaka 69 baada ya kifo chake.

Waliporudi kwao walikuta wataalamu wa Japani wakidai kwamba Uchina haikuwa tena na jengo lolote la mbao la enzi ya Tang, yaani ya kati ya mwaka wa 618 na 907. Anayetaka kuona ujenzi wa namna hiyo, walisema, na aende Nara, Japani. Maneno hayo yaliwachoma. Wakaanza kuzunguka nchi kwa gari moshi, kwa nyumbu na kwa miguu, wakipima na kuchora mahekalu yaliyosahaulika.

Mwaka wa 1937 waliona, katika picha za mchoro wa kale wa ukutani kutoka mapango ya Dunhuang, jina la hekalu moja la milima ya Wutai, mkoani Shanxi. Hekalu hilo ni Foguang, maana yake Nuru ya Budha. Kwa kuwa halikuwa miongoni mwa mahekalu mashuhuri ya katikati ya milima hiyo, walikisia kwamba huenda hakuna tajiri aliyepata kulibomoa ili ajenge jipya. Wakapanda nyumbu, wakaenda.

Walilikuta limesimama, limezungukwa na misonobari, na watawa wachache tu wakilitunza. Wakapanda hadi darini, mahali penye giza, vumbi la karne nzima na popo kwa maelfu. Walifanya kazi humo siku baada ya siku, nyuso zimefunikwa, kunguni wakiwatafuna, huku wakitafuta ushahidi wa mwaka wa ujenzi.

Aliyeuona ushahidi huo ni Lin, kwa kuwa macho yake yaliona mbali kuliko ya wenzake. Siku moja, akiwa amesimama chini, alitambua maandishi hafifu ya wino kwenye boriti. Wakajenga jukwaa la miti, wakararua mashuka, wakayalowesha maji na kufuta vumbi taratibu. Likatokea jina la mwanamke: Ning Gongyu, mfadhili wa jengo. Nje, mbele ya hekalu, palikuwa na nguzo ya jiwe iliyochongwa jina hilo hilo pamoja na mwaka. Kwa hesabu yetu ni mwaka wa 857.

Ndani ya hekalu, pembeni mwa jukwaa la masanamu makubwa, mlikuwa na sanamu ya mwanamke wa kimo cha kawaida, ameketi kwa unyenyekevu. Watu wa hapo walimdhania kuwa malkia wa zamani. Kumbe ndiye Ning Gongyu mwenyewe! Kwa miaka 1,080 alikuwa ameketi ndani ya nyumba aliyoilipia, na hakuna aliyemtambua.

Siku hizo hizo, tarehe 7 Julai 1937, vita kati ya Japani na Uchina vilizuka karibu na Beijing. Liang na Lin walikuwa milimani, wala hawakuwa na habari. Lau wangechelewa kidogo tu, safari hiyo isingefanyika.

Kuinama si kuvunjika

Sasa fikiria, msomaji. Mti huoza, huliwa na mchwa na kuteketea kwa moto. Imekuwaje basi nyumba ya mti ikashinda miaka hiyo yote?

Siri ya kwanza ni kwamba ukuta haubebi kitu. Paa limebebwa na nguzo na boriti, na ukuta ni pazia tu la kuzuia upepo. Ukuta ukianguka, nyumba husimama.

Siri ya pili ni maungio. Fundi hakutegemea misumari. Alichonga ulimi kwenye ubao huu na tundu kwenye ubao ule, kisha akavipachika. Nguzo nazo hazikuzikwa ardhini, bali zilisimamishwa juu ya mawe. Tetemeko likija, jengo zima huyumba, maungio hulia, kisha kila kitu hurudi mahali pake. Jengo lililokaza shingo lingevunjika.

Siri ya tatu utaiona ukiinua macho chini ya upenu. Juu ya kila nguzo pana vipande vya mbao vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine, vikipanuka kadiri vinavyopanda, mfano wa mikono iliyonyooshwa kupokea mzigo. Wachina huviita dougong. Kazi yake ni kulitandaza paa mbele zaidi ili mvua imwagike mbali na nguzo. Pale Foguang, upenu umejitokeza karibu mita 4. Maji ndiyo adui mkubwa wa mbao, na mafundi wale walijua.

Hapa kuna jambo la kukusaidia hata kama huwezi kusoma herufi moja ya Kichina. Ukiingia hekalu lolote, tazama dougong. Zikiwa kubwa, nzito na chache, karibu nusu ya urefu wa nguzo, ujue uko mbele ya mzee wa kale. Zikiwa ndogondogo na nyingi, zimepangwa kama shanga na kupakwa rangi za kumeremeta, jengo hilo ni la karne za karibuni, enzi za Ming au Qing.

Umaskini uliokuwa ngao

Mbali kidogo na Foguang, ndani ya kijiji katika wilaya hiyo hiyo ya Wutai, liko hekalu la Nanchan. Ni dogo mno, upana wake hauzidi mita 12, na hakuna nguzo hata moja katikati ya chumba. Usipoambiwa unaweza kulipita. Hata hivyo, hilo ndilo jengo la mbao lililo kongwe kuliko yote yaliyojulikana Uchina: lilijengwa upya mwaka wa 782.

Mwaka wa 845 mfalme Wuzong aliamuru dini ya Kibudha ing'olewe. Mahekalu makubwa zaidi ya 4,600 yalibomolewa, na watawa zaidi ya 260,000 wakalazimishwa kurudi uraiani. Foguang ya kwanza iliangamia wakati huo, na hili tulionalo ni lile lililojengwa baada ya mfalme huyo kufa na amri yake kutanguliwa. Nanchan yenyewe ilinusurika. Ilikuwa ndogo na ya kijijini, ikasahauliwa. Hata wataalamu hawakuifikia hadi mwaka wa 1953.

Ukitoka hapo uelekee kaskazini, hadi jiji la Datong. Kutoka Datong utafikia maajabu mengine mawili kwa safari ya gari isiyozidi saa mbili. La kwanza ni mnara wa Yingxian, uliojengwa mwaka wa 1056. Una urefu wa mita 67, wote mbao, na mna aina zaidi ya 50 za dougong ndani yake. Umepita kwenye matetemeko, na mwaka wa 1926 ukapigwa makombora katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Leo ghorofa zake za chini zimeinama, na wageni hawaruhusiwi kupanda juu. Usinung'unike. Mzee aliyebeba mzigo karibu miaka elfu moja ana haki ya kukataa kupandwa mgongoni.

La pili ni Xuankong, hekalu lililoning'inia kwenye jabali. Ukilitazama kutoka bondeni utaona vyumba vimebandikwa mwambani kama viota vya mbayuwayu, vikishikiliwa na vijiti vyembamba. Lakini hivyo vijiti vinakudanganya. Uzito wenyewe umebebwa na boriti nene zilizozamishwa ndani ya matundu ya mwamba, usizoweza kuziona. Ndani ya chumba kimoja wameketi pamoja Budha, Laozi na Confucius, waalimu wa imani tatu tofauti chini ya paa moja.

Kijiji kilichoelekeza mto mlangoni

Mahekalu ni ya watawa. Watu wa kawaida je, waliishi vipi? Kwa jibu hilo itakubidi uiache Shanxi na vumbi lake, uelekee kusini mbali hadi mkoa wa Anhui, kwenye mvua na mashamba ya mpunga. Huko kuna vijiji viwili, Xidi na Hongcun, ambavyo shirika la UNESCO liliviweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2000.

Hongcun ni kijiji cha ukoo wa Wang. Wenyeji hukifananisha na nyati wa kufugwa aliyejilaza: kilima ni kichwa, nyumba ni mwili, madaraja ni miguu. Matumbo yake ni mfereji mwembamba wa maji ya mtoni unaozunguka na kupita mbele ya milango ya nyumba, hadi kwenye bwawa la nusu duara lililo katikati ya kijiji. Kwa mujibu wa masimulizi ya ukoo huo, aliyesimamia kuchimbwa kwa bwawa hilo katika karne ya 15 ni mwanamke, Hu Chong, ambaye mumewe alikuwa mbali kikazi.

Wanaume wa maeneo hayo walikuwa wafanyabiashara. Ardhi ya kulima ilikuwa haba, hivyo mvulana alipofikisha miaka 13 au 14 alipelekwa mbali kujifunza biashara ya chumvi, chai au mbao. Waliofanikiwa walirudisha fedha nyumbani, wakajenga. Soma basi maisha yao kwenye kuta. Nje ni ukuta mrefu mweupe, madirisha machache, madogo na ya juu, kwa sababu mlikuwa na wanawake na watoto peke yao. Kati ya nyumba na nyumba ukuta hupanda juu kuliko paa, kwa ngazi ngazi, ili moto wa jirani usiruke.

Ingia ndani sasa. Katikati ya nyumba paa limeachwa wazi, na mwanga na mvua huanguka uani. Mapaa ya pande zote nne yameinamia ndani, kwani maji kwao ni mfano wa mali, na mwenye nyumba hataki mali imwagikie nje. Kuzunguka ua huo mbao zimechongwa maua, ndege na watu, kazi ya mikono iliyochukua miaka. Kubwa kuliko zote ni Chengzhi Tang, nyumba ya tajiri wa chumvi, iliyojengwa mwaka wa 1855. Nje usingedhani.

Hapo usiwe na haraka. Amka alfajiri, kabla makundi ya watalii hayajafika, uketi kando ya bwawa. Utawaona wanafunzi wa sanaa wakipanga vigoda vyao kuchora kuta zinavyojitazama majini, na bibi wa kijiji akifua nguo mferejini kana kwamba hakuna mgeni. Usimpige picha bila ruhusa. Hapo ni kwake.

Yaliyopotea

Usije ukadhani kwamba Wachina wote wameyaenzi majengo yao. Katika miaka ya 1950 Liang Sicheng aliwasihi watawala wasibomoe kuta kuu za jiji la Beijing. Alichora hata mpango wa kuzigeuza bustani ya wananchi kupumzikia. Hakusikizwa. Kuta zikabomolewa, na sehemu ya njia ya treni ya chini kwa chini ikapita zilipokuwa.

Nyumba ya ua ambamo Liang na Lin waliishi Beijing miaka ya 1930, walipokuwa wakifanya utafiti huo wote, nayo ilibomolewa mwaka wa 2012 licha ya malalamiko ya wananchi. Waliookoa majengo ya wengine hawakuokolewa lao.

Hatari haijaisha. Oktoba 2021 mvua kubwa zilinyesha Shanxi kwa siku kadhaa, na majengo mengi ya kale yakavuja au kuporomoka kuta. Kigae kimoja kikivunjika kisitengenezwe, maji huingia, boriti huoza, na kazi ya miaka 1,000 huisha kwa misimu michache. Kisha mwaka wa 2024 ukatoka mchezo wa kompyuta uitwao Black Myth: Wukong, ambao sehemu zake nyingi zilinakiliwa kutoka mahekalu ya Shanxi. Vijana wakafurika huko kwa maelfu. Ni heri, kwani mahekalu yaliyosahauliwa yalipata watazamaji na fedha. Lakini tumeona kwamba mengine yalinusurika hasa kwa sababu ya kusahauliwa.

Ukifunga safari

Mkenya huhitaji viza, kwa hivyo shughulikia jambo hilo mapema. Usiachane na pasipoti yako, kwani utaulizwa hotelini na kwenye treni. Watu wengi huko hulipa kwa simu, kama sisi na M-Pesa, basi weka programu ya malipo tayari kabla hujaondoka mijini. Kwa Foguang na Nanchan, panda treni ya kasi kutoka Beijing hadi Taiyuan, kisha ukodi gari, kwa kuwa mahekalu hayo yako vijijini. Kwa Hongcun, teremkia Huangshan ukitoka Shanghai au Hangzhou, kisha upande basi.

Nenda Aprili na Mei, au Septemba. Shanxi wakati wa baridi kali maji huganda. Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba na sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, kwani taifa zima huwa njiani. Ukifika mlangoni pa hekalu, kiruke kizingiti, usikikanyage. Usipige picha palipokatazwa. Michoro ya ukutani huharibiwa na mwanga.

Na sisi je?

Wachina na pwani yetu si wageni. Merikebu zao zilifika Malindi karne ya 15, na kabla ya hapo, mwaka wa 1415, twiga kutoka Malindi alikuwa amekwisha kupelekwa kwa mfalme wao. Mabakuli ya kauri ya Kichina yalipachikwa kwenye nguzo ya kaburi kule Mambrui, na mengine yalipangwa kwenye zidaka za nyumba za mawe za Lamu. Mababu zetu waliona thamani ya kazi ya mkono wa mbali, wakaitia ndani ya kuta zao. Je, sisi tunaona thamani ya hizo kuta zenyewe?

Kabla hujapata nauli ya Uchina, basi, fanya jambo moja lisilogharimu kitu. Likizo hii ukienda mashambani au pwani, mchukue mwanao mkaitazame nyumba iliyo kongwe kuliko zote hapo. Mwulize nyanya ni nani aliyeijenga, nani alilipa, miti yake ilitoka wapi, na nani hukarabati paa. Andika majibu kwenye daftari, pamoja na mwaka. Ning Gongyu angekuwa amesahauliwa kabisa lau mtu mmoja hangechovya brashi kwenye wino na kuandika jina lake kwenye boriti, na lau mwanamke mwingine, miaka 1,080 baadaye, hangeinua macho kulisoma.